Uzi maalumu: Kuchagua kundi kwa akili ya mhusika, si kwa akili ya mchezaji, katika Fallout: New Vegas

#1 Mleta mada

Wakuu, nawasalimu nyote. Yeyote ambaye hajaimaliza Fallout: New Vegas na bado ana nia ya kuimaliza, namwomba aahirishe kuusoma uzi huu, kwa kuwa siwezi kulieleza jambo langu bila kutaja yanayotokea huko mbele.

Gemu hii nimeicheza mara tano. Mara nne za mwanzo nilitengeneza wahusika wanne: mwindaji, tabibu, mcheza kamari na askari mstaafu. Kila mmoja nilimpa sura yake, jina lake na ujuzi wake, lakini wote wanne waliishia mahali pamoja. Walimwondoa Mr. House, wakaikataa NCR, wakaishinda Legion, na wakaiacha Mojave ikiwa huru kwa msaada wa yule roboti aitwaye Yes Man. Nilipotulia na kulitafakari jambo hilo nikatambua kwamba mwindaji, tabibu, mcheza kamari na askari walikuwa majina tu. Aliyekuwa akichagua ni mimi, kila mara, na kila nilipofika njia panda nilijiuliza ni uamuzi gani ungenipa picha za kupendeza zaidi zile slaidi za mwisho zitakapopita.

Mara ya tano nikajiwekea sharti kwamba mhusika ndiye atakayechagua, kwa yale anayoyajua yeye, hata pale ambapo mimi ninajua kwamba anakosea. Mchezo ukawa mwingine kabisa, na ndiyo maana naleta mada hii.

Kwa wageni wa gemu hii, nieleze mazingira yake kwa kifupi. Ilitengenezwa na Obsidian Entertainment na ikatoka mwezi Oktoba 2010. Kisa chake kinatokea mwaka 2281, miaka 204 baada ya vita vya nyuklia vya mwaka 2077, katika jangwa la Mojave kuzunguka mji uliokuwa ukiitwa Las Vegas. Wewe ni mjumbe wa kupeleka vifurushi ambaye amepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa kaburini nje ya kijiji cha Goodsprings, kisha akafukuliwa akiwa bado anapumua. Bwawa la Hoover bado linazalisha umeme, na pande zote zinalitaka: Jamhuri Mpya ya California, yaani NCR, iliyotoka magharibi na sheria zake, kodi zake na jeshi lake, Legion ya Caesar, iliyotoka mashariki ya mto Colorado na watumwa wake, na Mr. House, anayeutawala mji kutoka juu ya kasino ya Lucky 38. Njia ya nne ni ya mjumbe mwenyewe kuwaondoa wote hao.

Sasa niingie katika mada. Kabla ya kuanza nilikaa na daftari nikaandika nusu ukurasa tu kuhusu mhusika wangu. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mzaliwa wa NCR, mtoto wa mfugaji mdogo wa brahmin, wale ng'ombe wenye vichwa viwili. Malisho ya baba yake yalichukuliwa na mfugaji tajiri aliyekuwa na marafiki serikalini, na karatasi zote za kuyachukua zilikuwa na mihuri halali. Akaingia katika kazi ya upagazi, na baadaye akawa mjumbe. Sikuandika kwamba ni mtu mwema wala mtu mwovu, kwa sababu maneno hayo hayamsaidii mtu kuamua lolote. Niliandika nani alimlisha, nani alimdhulumu, na ni kitu gani hawezi kukitazama akanyamaza. Nawashauri muanze na mambo hayo matatu, kwa kuwa ukiyajua, makundi yenyewe yataanza kuzungumza na mhusika wako badala ya kuzungumza nawe.

Mtihani wa kwanza unakuja mapema, palepale Goodsprings. Kuna mfanyabiashara aitwaye Ringo amejificha katika kituo cha mafuta kilichoachwa, na kuna Joe Cobb wa genge la Powder Gangers anayemtaka, ambaye yuko tayari kukivamia kijiji kizima ili ampate. Wachezaji wengi hulipita jambo hili haraka: wema kwa Ringo, ubaya kwa Cobb, twende mbele. Mhusika wangu alilitazama kwa namna yake. Wale Powder Gangers walikuwa wafungwa waliotolewa NCR na kuletwa jangwani kufanya kazi za reli, wakakabidhiwa baruti ili wapasue miamba, na baruti hiyo ndiyo waliyoitumia kuasi. Mtu ambaye familia yake ilidhulumiwa kwa mihuri ya NCR hawezi kumchukia mfungwa wa NCR kwa sababu tu ameambiwa kwamba huyo ni mhalifu. Alimsikiliza Cobb hadi mwisho, na nusu ya moyo wake ilikuwa upande wake.

Kilichomrudisha kijijini ni Doc Mitchell. Yule mzee alizitoa risasi kichwani mwake, akamlaza kitandani kwake, akamfunga mkononi Pip-Boy, ile kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi, aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe, na hakumdai kizibo hata kimoja, ilhali vizibo vya chupa ndiyo fedha ya kule. Mhusika wangu alipigania Goodsprings kwa ajili ya fadhila ile. Kitendo ni kilekile ambacho wahusika wangu wanne wa mwanzo walikitenda, lakini sababu ni nyingine, na sababu ndiyo iliyomfuata huko mbele: tangu siku ile alikuwa mtu wa kulipa fadhila, na kila kundi lililomtendea jema lilipata haki ya kumdai.

Mtihani wa pili, ambao kwangu ndio uliobeba gemu nzima, ni Nipton. Nataka niueleze polepole.

Unaukaribia mji huo moshi ukiwa tayari unaonekana kwa mbali. Anakuja mtu mmoja anakimbia, anacheka na kupiga kelele kwamba ameshinda bahati nasibu. Unaendelea mbele. Matairi yanawaka barabarani, na pande zote mbili za barabara kuna watu waliotundikwa misalabani, wengine wakiwa bado hai. Ngazi za ukumbi wa mji zinashuka watu waliovaa nyekundu, na mbele yao Vulpes Inculta, amevaa kichwa cha mbwa juu ya kichwa chake. Hakushambulii. Anakueleza, kwa sauti ya mwalimu aliyetulia, kwamba mji huu uliwauza wageni wake wote, askari wa NCR na Powder Gangers vilevile, kwa yeyote aliyekuwa na fedha. Kwamba yeye aliwakusanya wote akawapigisha kura nani afe kwa namna gani. Na kwamba walikuwa wengi kuliko askari wake, lakini kila mmoja alisimama akingoja jina la mwenzake litajwe.

Wahusika wangu wanne wa mwanzo walifyatua risasi kabla hajamaliza kusema, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari ninajua Legion ni nani, na nilijua kwamba kwa kurudia mchezo uliohifadhiwa mara tatu au nne ningeshinda. Mhusika wa tano alikuwa na bunduki ya kuwindia wanyama wadogo na risasi chache. Alisimama akasikiliza. Kilichomtesa ni kwamba baadhi ya maneno ya Vulpes aliyakubali. Kwamba mji ulikuwa umeoza, alikubali. Kwamba watu wanaotazama jirani yao akidhulumiwa huku wakishukuru kwamba si wao, wana hatia, alikubali pia, kwa sababu hivyo ndivyo majirani wa baba yake walivyofanya. Kisha akageuza macho akatazama misalaba. Vulpes alimtuma apeleke habari za Nipton kwa watu wa NCR, naye akageuka akaondoka huku waliotundikwa wakigugumia nyuma yake, na akazipeleka.

Wakuu, pale nilikaa bila kugusa kitufe kwa dakika kadhaa. Kundi alilichagua pale, saa nyingi kabla gemu yenyewe haijamuuliza. Hakuchagua kwa kuipenda NCR. Alichagua kwa aibu ya kusimama kimya.

Naomba kuwasilisha, na nakaribisha michango yenu. Nitarudi kueleza alivyoishia.

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu, nimekusoma na nimekuelewa, lakini nina pingamizi moja la kweli. Gemu hii ina mambo mengi sana, na ukijifunga kwa mhusika utayakosa. Mimi huwa nawafurahisha wote kadiri inavyowezekana, nachukua kazi za NCR, nachukua za Mr. House, nakwenda hadi kambi ya Caesar, halafu nachagua mwishoni kabisa pale gemu inaponionya kwamba sasa nikiendelea na huyu, yule atakuwa adui. Fedha nimelipa, kwa nini nisile chakula chote kilichopo mezani?

#3 Mleta mada

Mkuu wa Mwanza, pingamizi lako lina uzito, na nililishi kwa mizunguko minne. Nikujibu kwa kutumia gemu yenyewe ilivyotengenezwa.

Umaarufu wa mtu katika New Vegas unahesabiwa kwa kila kundi na kila mji peke yake, na ndani ya hesabu hiyo mema na mabaya hayafutani. Ukiiokoa doria ya NCR leo, ukaiba katika kambi yao kesho, hurudi sifuri. Wanakukumbuka kwa yote mawili, na wanakutazama kama mtu asiyetabirika. Hii ni kawaida ya binadamu tunayoijua sote: mtu aliyekusaidia msibani kisha akakutapeli humsahau kwa lolote kati ya hayo. Watengenezaji walitaka makundi yawe na kumbukumbu. Sasa mhusika anayekula meza zote ni mhusika wa namna gani? Yuko. Anaweza kuwa jasusi, dalali, au mtu aliyezoea kuishi kwa ulimi wake. Ikiwa hivyo ndivyo ulivyomwandika, basi kula meza zote kwako ni kucheza kwa uhusika kamili, na sina la kukupinga. Ninachokipinga ni tabibu mpole, askari mwenye kiapo na mlipiza kisasi kuwa na ratiba moja ya kazi.

Halafu kuna ule wakati, ukishaingia kwenye Strip, yaani mtaa wa kasino anaoutawala Mr. House, na kulikabili suala la Benny aliyekupiga risasi, ambapo NCR na Legion kila mmoja anakutumia mtu akuambie kwamba yaliyopita yamesamehewa na unaalikwa. Wachezaji wengi huuona kama bahati ya kuanza upya. Mwulize mhusika wako: huyu anayenisamehe, nilimkosea nini, na ni nani aliyempa haki ya kunisamehe? Mhusika wangu aliishika mkononi alama ya Caesar, ishara ya mwaliko huo, akamtazama aliyempa, na huyo aliyempa alikuwa Vulpes yuleyule wa Nipton, safari hii amevaa suti safi kama mteja wa kasino. Ningecheza kwa hesabu ya zawadi, ningeiona suti tu.

Kuhusu kukosa mambo, ni kweli utakosa. Mimi kambi ya Caesar sikuikanyaga kabisa mzunguko huu. Sikujutia.

#4 Mdau, Nairobi

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, nami ningependa kueleza habari za mhusika wangu, kwa kuwa alikuwa upande ambao haujatajwa bado.

Nilimtengeneza fundi wa mitambo, mwanamke aliyekulia katika magofu akirekebisha pampu za maji kwa kutumia vipuri vya zamani. Mtu wa namna hiyo anapofika mbele ya Mr. House, hawezi kumwona kama dikteta tu. Anasimulia House kwamba siku ya vita vichwa 77 vya nyuklia viliielekea Las Vegas na viunga vyake, kwamba mitambo yake ilivizima 59 kabla havijafika, na kwamba mizinga ya miale juu ya paa la Lucky 38 iliviharibu vingine 9. Vilivyobaki vilianguka, lakini si juu ya mji wenyewe. Fundi wangu amezunguka maisha yake yote kati ya miji iliyoungua, na sasa anasimama ndani ya ule ambao mtu mmoja aliuokoa kwa hesabu. Alimwamini. Ningekuwa yeye, ningemwamini pia.

Akaendelea kumwamini hata alipoona kwamba roboti walio kwenye lango la Strip humwuliza kila mpita njia kama ana vizibo 2,000, na kwamba nje ya lango, Freeside, watu wanalala juu ya mabomba na wale madaktari wa Followers of the Apocalypse ndani ya ngome ya zamani ya Wamormoni wanatibu bila dawa za kutosha. Alijiambia kwamba fundi hurekebisha injini kwanza, viti baadaye.

Kilichomvunja ni amri ya kuliangamiza kundi la Brotherhood of Steel, watu wanaokusanya na kulinda teknolojia ya zamani, lililojificha Hidden Valley. Nilikuwa nimesafiri kwa muda mrefu na Veronica, mmoja wa wenzi wa safari katika gemu, na hao ni watu wake, wamemlea. Nilijaribu kila mlango wa mazungumzo kwa House na haukufunguka hata mmoja. Ukiwa upande wake, watu wale lazima wafe. Nilikwenda hadi Hidden Valley, nikasimama mbele ya mlango wa handaki, nikarudi. Mhusika wangu alikuwa amejenga imani yake yote juu ya mtu anayehesabu vizuri, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba katika hesabu ile kuna watu ambao thamani yao imeandikwa sifuri.

Mimi binafsi nilijua tangu mwanzo kwamba amri hiyo inakuja. Kuificha mbele ya mhusika wangu ndiyo kazi ngumu niliyowahi kuifanya katika gemu yoyote.

#5 Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, ahsante sana. Sentensi yako ya mwisho imekisema kile nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo. Kazi ya mchezaji ni kuyashika maarifa yake mgongoni ili mhusika aende na macho yake mwenyewe.

Umenikumbusha pia kwamba mhusika wangu alipewa amri ya namna hiyohiyo, kutoka kwa Kanali Moore wa NCR, kuhusu Brotherhood haohao. Tofauti ni kwamba upande wa NCR kuna uwezekano wa kuwapatanisha, ingawa Moore hakufurahi hata kidogo. Mhusika wangu aliutafuta upatanisho huo kwa nguvu zake zote, kwa sababu kufukuzwa watu kwenye makao yao kwa amri yenye muhuri ni jambo alilokuwa ameliona utotoni. Hapa mnaona jinsi nusu ukurasa wa daftari unavyofanya kazi saa thelathini baadaye, bila mimi kuulazimisha.

Niseme neno kuhusu njia ya Yes Man, maana nimeahidi kuwa mkweli. Siichukii. Lakini kwa mchezaji anayetaka uhusika, ni njia yenye mtego. Yes Man hukubali kila unachosema, na ukimharibu hurudi ndani ya mwili mwingine wa roboti, kwa hiyo hakuna anayekupinga, na mahali ambapo hakuna anayempinga mhusika, mchezaji hujaza nafasi hiyo kwa matakwa yake mwenyewe. Ukitaka kuifuata njia hiyo, mwandikie mhusika wako sababu ya kutaka kutawala. Awe mtu aliyewahi kutawaliwa vibaya na kila mmoja wa hao watatu, au mtu mwenye kiburi cha wazi. Kusema tu kwamba wote ni wabaya hakutoshi, maana mtu aliyechoka na wote kwa kawaida huhama, haanzi kuongoza jeshi la roboti.

Katika Fallout 4 ya mwaka 2015 hali ni nyingine kidogo, kwa sababu pale umepewa mzazi anayemtafuta mwanawe, na kila kundi la Boston unalipima kwa kipimo hicho upende usipende. Wengine wanalalamika kwamba inabana. Mimi naona inasaidia kwa saa kumi za mwanzo, kisha inabana.

#6 Mdau, Mombasa

Nawasalimu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke na nimecheza upande ambao wengi hapa wanauona hauwezekani, nao ni Legion. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mhusika wangu ni daktari aliyelelewa na Followers. Alipata kujua kwamba Caesar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Edward Sallow, alikuwa mmoja wa Followers katika ujana wake, kabla ya kuyateka makabila na kuyafanya jeshi. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alijiambia kwamba mtu aliyewahi kufundishwa mambo yaleyale aliyofundishwa yeye anaweza kuzungumzika. Nikaona kwamba hiyo ni sababu ya kweli, ya mtu mwenye kosa la kweli, nikamwachia aende. Alivuka mto kwa mashua kutoka Cottonwood Cove, akavua silaha zake langoni kama wanavyotaka, akapanda mlima hadi hema la juu.

Yale aliyoyapita njiani nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa hayapendezi. Wanawake wamebeba mizigo inayowazidi. Yuko mmoja aitwaye Siri, alikuwa akisomea utabibu kabla ya kutekwa, na sasa anatibu majeraha ya wale waliomteka, mtumwa. Daktari wangu alizungumza naye kama watu wa kazi moja. Alitoka pale akijua kwamba aliyeko mbele yake ni yeye mwenyewe, endapo angezaliwa upande mwingine wa mto.

Hata hivyo alibaki. Alizifanya kazi za Caesar, baadhi yake za kuumiza, kila mara akijiambia kwamba anajenga imani ili siku moja asikilizwe. Kisha Caesar akaanguka. Ana uvimbe kwenye ubongo, mashine ya tiba iliyo hemani mwake ni mbovu, na daktari wangu akaombwa ampasue. Pale mchezaji, yaani mimi, nilijua vizuri kwamba naweza kuushika mkono wa daktari ukateleza na hakuna atakayejua. Nilitamani sana. Lakini nilikuwa nimemwandika daktari, na daktari wangu hakuwahi kumkata mgonjwa kwa nia ya kumuua. Alimponya. Caesar aliamka.

Niliizima gemu na sijaifungua kwa wiki tatu. Nimeuona uzi huu nikaona niulize watu wanaolichukulia jambo hili kwa uzito: mhusika huyu sasa anakwenda wapi? Mimi namtaka akimbie. Sina hakika kwamba ndivyo yeye angefanya.

#7 Mleta mada

Dada yangu, sikuhukumu kabisa. Katika yote yaliyoandikwa hapa, hili ndilo lililonigusa zaidi, na nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Nitakueleza mhusika wangu alivyoishia, kwa sababu naye alifika mahali pa kutojielewa. Katika kambi ya Golf kuna mzee aitwaye Hanlon, mkuu wa Rangers, kikosi maalumu cha NCR, aliyebuni ule mtego wa Boulder City ulioiokoa NCR katika vita vya kwanza vya bwawa mwaka 2277. Nilikuwa nafuatilia taarifa za kijeshi zilizokuwa zikipotoshwa kutoka kituo hadi kituo, na zote ziliishia kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akizibadilisha. Alinieleza bila kujitetea sana kwamba amechoka kuona vijana wakifa jangwani kwa ajili ya matajiri wa California, na kwamba anataka jeshi likate tamaa lirudi nyumbani. Kila neno alilolisema lilikuwa neno la baba wa mhusika wangu. Hakumshitaki kwa mtu yeyote. Halafu, siku ya vita vya pili, akaenda bwawani akapigania NCR ileile.

Nilipokuwa nacheza niliona kama nimeharibu. Anamficha mtu anayeihujumu serikali, kisha anaifia serikali hiyo? Nilipotulia nikaona kwamba mambo hayo mawili yametoka mahali pamoja. Kwa Hanlon alikuwa mtoto wa mfugaji. Bwawani alikuwa yule mtu aliyesimama kimya Nipton, na alikuwa amejiapiza kwamba watu wenye kuvaa nyekundu wakivuka mto, safari hii hatasimama. Mtu mmoja anaweza kuwa na deni zaidi ya moja, na siku za kulipa haziji pamoja.

Kwa hiyo kuhusu daktari wako, usimwulize anataka kundi gani. Alikwenda kule akiwa na tumaini moja, kwamba mtu yule anazungumzika. Amemponya. Mwache sasa aende azungumze naye, asikie atajibiwa nini na mtu aliyemrudishia uhai. Na kabla ya hapo, kama ningekuwa naketi kando yako, ningeuliza kuhusu Siri. Umesema daktari wako alimwona kama yeye mwenyewe. Tangu siku ile, amerudi kumwona?

#8 Mdau, Nairobi

Naungana na mleta mada. Nakuomba tu, dada, usisome popote kuhusu matokeo ya njia hiyo kabla hujaamua. Ukishasoma, daktari atakuwa amesoma.

#9 Mdau, Mombasa

Nawashukuru kwa moyo mkunjufu. Nimeifungua gemu jana usiku baada ya watoto kulala.

Nilimkuta amesimama palepale nilipomwacha, ndani ya hema, mgonjwa wake amekaa kwenye kiti chake kana kwamba hakuna lililotokea. Alizungumza naye. Nilimpa maneno yote ambayo gemu iliniruhusu kumpa, nikayasoma majibu polepole, hata yale niliyokwisha kuyasikia mwanzoni. Caesar alikuwa mtu yuleyule. Anazungumza vizuri, amesoma, ana jibu kwa kila jambo, na katika majibu yake yote hakuna nafasi ya Siri wala ya wale waliobeba mizigo. Daktari wangu alikuwa ameuondoa uvimbe, na yaliyobaki ndiyo yalikuwa maradhi yenyewe.

Sikumruhusu amuue. Hakutaka. Alitoka nje, akashuka hadi alipo Siri, wakazungumza tena yaleyale machache ambayo mchezo unawaruhusu kuzungumza. Nilitafuta namna ya kumchukua aende naye na sikuiona. Nikamweka daktari wangu asimame pale kwa muda, jua la gemu likashuka hadi vivuli vya mahema vikaufikia ukuta.

Kisha akachukua silaha zake langoni, akapanda mashua peke yake. Ameshuka Cottonwood Cove na sasa anatembea kaskazini kwa miguu, kuelekea Freeside, kwenye ile ngome ya Followers. Sijui watampokea vipi wakijua alikotoka na nani amemponya. Nitacheza tena Jumamosi, nitawaletea habari.